Kofia Nyeupe Ilipoingia Stoo

Mama Stoo alikuwa na sheria moja maishani: kitu kikivuka kaunta yake kuingia ndani, kinapata saini, kikivuka kutoka nje, kinapata saini. Askari walisimulia kwamba hata paka wa kikosi alipozaa nyuma ya mipira ya maji, Mama Stoo aliandika daftarini: "Paka wadogo, wanne, hali nzuri, wamepokelewa." Mwenyewe alikana. Lakini ukurasa huo hakukubali kumwonyesha mtu.

Kikosi kilikuwa cha zimamoto na uokoaji, cha mkoa mzima. Stoo ilikuwa chumba kirefu kilichobanwa kati ya banda la magari na ofisi, chenye rafu za chuma, dirisha la wavu, na harufu ya mpira iliyochanganyika na sabuni ya mche. Nyuma ya dirisha lile Mama Stoo alikuwa amekaa miaka ishirini na sita, akaona makamanda watano wakiingia wembamba na kutoka na vitambi. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na alikusudia kuimaliza kimyakimya kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala.

Jumatatu ile alistaafu kamanda wa tano, waliyemwita Radi kwa sababu ya sauti. Akisema "habari za asubuhi" ofisini, watu wa mtaa wa pili waliitikia "nzuri". Utaratibu ulikuwa avue vifaa vyake mbele ya gwaride na kumkabidhi Naibu wake. Lakini Naibu siku hiyo aliamka anaumwa jino. Radi hakuwa mtu wa kusubiri jino la mwingine. Akaenda moja kwa moja dirishani, akaweka juu ya kaunta kofia nyeupe ya ukamanda, muhuri wa kikosi na funguo tatu za makao.

"Nipokelee, Mama Stoo, nikalale miaka yangu iliyobaki."

"Daftari langu limejaa, Afande. Jipya linakuja kesho."

"Andika humu." Radi akachomoa kwapani kitabu cheusi chenye kona za shaba. "Daftari ni daftari."

Mama Stoo akaandika kwa mwandiko wake wa duara: kofia nyeupe moja, muhuri mmoja, funguo tatu, nimevipokea. Akatia saini na tarehe. Radi akamkumbatia, akaaga, na vioo vya madirisha vikapumzika.

Jumatano asubuhi akaja Mwanasheria wa kikosi, binti mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa na tabia ya kusema mambo mazito kwa sauti ya kuomba chumvi. Alikuwa amekikumbatia kile kitabu cheusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata koti la mvua?"

"Nimefuata saini yako. Hii ni yako?"

"Yangu. Kuna kilichopotea?"

"Hakuna. Ila hiki si daftari la stoo, mama. Ni daftari la makabidhiano ya ukamanda." Akafungua sheria ya kikosi mahali alipokunja ukurasa. "Kifungu cha tisa. Mkuu wa kikosi ni yule aliyepokea kofia nyeupe, muhuri na funguo kwa saini yake katika daftari hili, na atabaki kuwa mkuu mpaka mwingine avipokee kwa saini. Waliiandika zamani, makamanda walipokuwa wakifia motoni. Hawakutaka mkoa ukae hata saa moja bila mtu wa kuulizwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tangu juzi saa nne asubuhi, kamanda wa mkoa ni wewe."

Mama Stoo akachungulia nyuma ya binti kutafuta nani anacheka. Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na askari mmoja tu, amekuja kuomba brashi.

"Basi mwite Naibu aje asaini, nimpe vitu vyake, nirudi kwenye sabuni zangu."

"Nimetoka kwake. Anasema mkono unamuuma, hawezi kushika kalamu."

"Juzi lilikuwa jino."

"Limeshuka."

Askari wa brashi akaona ni vizuri arudi baadaye. Mwanasheria akainamia wavu. Alieleza kwamba Naibu hakuwa mgonjwa, alikuwa anaikimbia Jumamosi. Siku hiyo ungefunguliwa ukumbi mpya wa biashara, vibanda tisini chini ya paa moja. Mkaguzi wa kikosi alikuwa ameandika ripoti: milango ya dharura ipo minne, na yote minne imefungwa kwa minyororo. Ripoti ililala wiki mbili mezani kwa Radi, akamwachia atakayefuata. Na mwenyekiti wa bodi ya usalama ya mkoa, ambaye ndiye mwenye kuajiri na kufukuza, alishatangaza kwamba atakata utepe kwa mkono wake.

"Sasa sikia kifungu cha kumi na nne," Mwanasheria akaendelea. "Mkuu wa kikosi akijua jengo lina hatari kwa maisha ya watu na asilifunge, mashtaka ni yake mwenyewe. Si ya kikosi, si ya bodi. Na mwenye haki ya kusaini amri ya kufunga ni mtu mmoja tu katika mkoa."

"Akijua."

"Ndiyo, akijua."

"Na mimi nisipoisoma hiyo ripoti?"

"Nimeshakwambia, mama."

Mama Stoo akamtazama. "Wewe binti ni mbaya."

"Shikamoo tena," akasema Mwanasheria, akapitisha ripoti chini ya wavu.

Jioni Mama Stoo alisubiri mpaka sahani zikaoshwa. Aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, aliyeshona miaka ishirini kwenye baraza za watu, akihamisha cherehani kila mvua ilipobadili upande. Sasa alikuwa na kibanda chake katika ukumbi ule, namba thelathini na moja, na tangu apewe alikuwa akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

"Kibanda chako kiko karibu na mlango gani?" Mama Stoo akauliza.

"Wa nne, wa nyuma. Una maandishi ya kijani, yanawaka hata mchana."

"Umewahi kuufungua?"

"Una mnyororo."

"Wa nini?"

"Wezi, dada. Maswali gani haya?"

"Moto ukiwaka, mwizi atakuwa nje. Wewe utakuwa wapi?"

Mdogo wake akaweka kitambaa chini. Habari za kofia zilikwishafika. Kwenye kikosi kile siri ilikimbia kuliko gari. "Nisikilize, dada. Umebakiza miezi minane. Ukiufunga ukumbi ule watakutoa kabla ya miezi hiyo, na mimi nitarudi barazani. Kazi ya ukamanda ina wenyewe. Wako wapi?"

"Mmoja amestaafu, mwingine anaumwa mkono."

"Basi na wewe ugua."

Lilikuwa shauri la maana, na Mama Stoo alilipima vizuri. Angeweza kuugua. Mgongo wake ulikuwa na sababu za kutosha, hakuhitaji hata kudanganya. Lakini kila alipojaribu kuanza kuumwa, aliwaona watu wa vibanda tisini wamesukumana mbele ya mnyororo, na katikati yao mdogo wake na futi ya kupimia nguo shingoni. Alijua pia, kwa uzoefu wa dirishani, kwamba kitu ulichokwisha kukisainia hakirudi kwa mwenyewe kwa sababu umefumba macho.

Alhamisi asubuhi akaivaa ile kofia nyeupe. Ilimzama mpaka kwenye nyusi, kwa maana Radi alikuwa na kichwa cha kuvunjia nazi. Akakaza mkanda wa ndani mpaka tundu la mwisho, akasimama mlangoni kwa Naibu.

Naibu alikuwa mtu mrefu, nadhifu, hodari kweli kwenye moto. Aliwahi kutoka ghorofani na watu wawili mabegani. Moto hakuuogopa. Alichoogopa ni karatasi.

"Naibu, mkono unaendeleaje?"

"Bado, mama. Afande."

"Na miguu?"

"Miguu haina neno."

"Basi twende kwa miguu hiyo mpaka kwenye gari."

Wakaondoka na gari moja kubwa, askari watano, Mwanasheria katikati na sheria mapajani. Kwenye ukumbi walimkuta Meneja, bwana mnene mwenye simu mbili, akisimamia watu waliotundika mapambo. Alipoiona kofia akatabasamu. Alipoona nani yuko chini yake akacheka.

"Mama, hii ni maigizo ya shule?"

"Ni ukaguzi. Naomba funguo za milango ya dharura."

"Anazo mwenye jengo, na mwenye jengo amesafiri."

"Moto ukiwaka tumpigie?"

Meneja akaacha kucheka. Mama Stoo akazunguka ukumbi mzima polepole, kama anavyohesabu rafu zake mwisho wa mwaka. Aligusa kila mnyororo. Kufuli la mlango wa nne lilikuwa kubwa kama mkate wa kugawana familia ya watu sita. Karibu yake mdogo wake alikuwa akifagia kibanda namba thelathini na moja, na hakumwamkia.

Akarudi kwenye mlango mkubwa, akaweka karatasi ya amri juu ya boneti ya gari. Akasaini, akagonga muhuri, akaibandika karatasi mlangoni: jengo limefungwa mpaka milango minne ifunguke.

Meneja alikuwa ameshapiga simu. Akainyoosha kwa Mama Stoo kama anayempa kaa la moto. "Mwenyekiti."

Sauti ya mwenyekiti wa bodi ilikuwa laini. "Mama, nasikia unacheza na kofia ya watu. Nani amekupa ruhusa?"

"Kifungu cha tisa, mheshimiwa."

"Naweza kukuondoa."

Mwanasheria akanong'ona. Mama Stoo akarudia kwa simu: "Unaweza, mheshimiwa. Kwa kikao cha bodi, taarifa itoke siku saba kabla. Mimi shida yangu ni ya Jumamosi tu."

"Umebakiza muda gani kazini?"

"Miezi minane."

"Ni michache, lakini inaweza kupungua. Bandua hiyo karatasi."

Askari walimtazama, Naibu alitazama viatu vyake. Mama Stoo akasema kwa upole, kwa sauti ileile ya dirishani, "Sawa, mheshimiwa. Ripoti ya mkaguzi ninayo hapa. Nakuletea nakala sasa hivi. Utanisainia kwamba umeipokea, halafu uniandikie kwa mkono wako kwamba nibandue. Nikipata hiyo saini, nabandua."

Mwenyekiti akasema ana mgeni, watazungumza, na kwa sasa wataalamu wafanye kazi yao. Akakata. Nasikia mpaka leo mgeni yule hajafika.

"Leteni mkasi wa kukatia chuma," akasema Mama Stoo.

Mnyororo wa kwanza ukakatika, mlango ukafunguka kwenye jua. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ulilia kidogo ukakubali. Kila mnyororo ulipoanguka Mama Stoo aliuandika. Wakafika wa nne. Lile kufuli liliwashinda askari wawili, likamtii wa tatu aliyekuwa na hasira za nyumbani. Mlango ukavutwa.

Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Ulikuwa ukuta wa matofali, umenyooka, umepakwa chokaa safi. Maandishi ya kijani juu ya mlango yaliendelea kuwaka: TOKEA HAPA.

"Ni stoo yetu ya bidhaa," akasema Meneja, sasa kwa sauti ndogo. "Tulikosa nafasi, tukajenga nyuma. Sheria inataka milango minne, na milango ipo minne. Hesabuni."

Mama Stoo akaona haya kwa niaba ya stoo zote za dunia. Akaweka kiganja kwenye ukuta. Mdogo wake alikuja akasimama kando yake na ufagio mkononi. Akageuka kutazama kibanda chake, akahesabu hatua kwa macho. Zilikuwa kumi.

"Na mimi nilikuwa nakimbilia hapa," akasema. "Kichwani. Kila nikiwaza moto nilikuwa nakimbilia hapa."

Naibu ndiye aliyejongea. Alitazama ukuta, akamtazama fundi, akatazama maandishi ya kijani, na uso wake ukawa wa mtu aliyekula kitu akakijua baadaye. Ripoti aliisoma tangu wiki ya kwanza, kila mtu alijua. Alijua minyororo. Ukuta hata mkaguzi hakuujua, kwa sababu mlango haukufunguka.

Akavua koti la sare, akalikunja, akampa Mwanasheria.

"Afande, nyundo kubwa tunazo ngapi?"

"Mbili, ziko garini."

"Nachukua moja."

"Saini."

Akaishika kalamu kwa mkono uleule mgonjwa, akasaini bila kutikisika, na askari wakatazama juu wasije wakacheka.

Meneja alianza kusema habari za kibali cha kubomoa, Mwanasheria akamsomea kifungu cha kumi na saba, kizuizi cha njia ya kutokea, mpaka bwana yule akatafuta kiti. Naibu akapiga pigo la kwanza. Wanasema vumbi lilitoka likafunika mtaa, kuku wakapanda juu wakidhani jua limezama. Huenda waliongeza. Lakini ukuta ulikuwa mgumu kweli, na stoo ile ilikuwa na mwingine upande wa pili: walipiga Alhamisi yote na Ijumaa yote, kwa zamu, mpaka njia ikatokea nje. Wenye vibanda, waliokuja kulalamika, waliona tundu likipanuka wakaanza kubeba matofali. Mdogo wake Mama Stoo alibeba zaidi ya wote na kulalamika zaidi ya wote.

Jumamosi saa tatu, saa ya utepe, utepe haukukatwa. Mama Stoo alisimama katikati ya ukumbi na filimbi.

"Amri bado ipo, hili ni zoezi la kutoka. Fanyeni kama biashara imeanza," akawaambia. "Mkisikia hii, tokeni. Sheria inatupa dakika tatu. Naibu ana saa."

Akapuliza. Ukawa msiba. Muuza vioo alirudi kufuata vioo. Kinyozi alitoka na mteja nusu kichwa, wakakwama mlangoni wakibishana nani alipe. Mdogo wake alijaribu kukiinua cherehani kizima, meza na vyote, akaziba mlango wa nne kuliko ule ukuta ulivyouziba.

"Dakika sita na nusu," Naibu akasoma. "Tumekufa wengi."

"Wewe ulikufa wa kwanza," Mama Stoo akamwambia mdogo wake, "na cherehani kimepona."

"Ni changu."

"Na wewe ni wangu. Kiache."

Mdogo wake akakirudisha cherehani mahali pake, akakifunika kwa kitambaa.

Wakarudia. Mara ya pili dakika nne. Mara ya tatu watu walikuwa wameshajua njia: wa kushoto kushoto, wa nyuma nyuma, muuza vioo mikono mitupu akilia kwa mdomo tu. Wakamwagika nje kwa milango minne kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Wa mwisho kupita mlango wa nne alikuwa fundi cherehani, akimvuta kwa mkono mteja aliyevaa gauni lenye upande mmoja.

Naibu akatazama saa, akaitazama tena.

"Dakika mbili na sekunde hamsini."

Watu wakasimama uani wakihema, wakitazamana kama waliotoka kwenye mto. Halafu mmoja akapiga makofi na wengine wakafuata. Mama Stoo hakupiga, alikuwa akiandika. Amri ya kufunga ikaondolewa saa nane na robo mchana, saini na muhuri. Mwenyekiti alifika saa tisa na mkasi wake, akahutubia jinsi yeye na bodi yake walivyokataa katakata kucheza na maisha ya watu, akakata utepe. Mama Stoo akamwacha. Mdogo wake alitaka kusema neno, akakanyagwa mguu.

Jumatatu, dirisha la stoo lilipofunguliwa, mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Naibu. Vumbi la chokaa lilikuwa bado kwenye masikio yake. Chini ya kwapa alikuwa na bahasha.

"Zilikuwa kwenye droo ya Radi," akasema. "Ripoti sita. Bweni moja, kiwanda, zahanati, na mengine. Nimezisoma zote leo asubuhi."

"Ukizisoma umejua."

"Najua kwamba nimejua." Akaweka bahasha juu ya kaunta, kisha mikono yote miwili juu yake. "Bweni naanza nalo leo. Gari liko tayari, binti wa sheria yuko ndani. Nimekuja kuomba kofia, Afande."

Mama Stoo akamtazama kupitia wavu, kama alivyowatazama askari miaka ishirini na sita wakija kuomba buti na kwenda nazo motoni. Akaivua kofia, akaipangusa kwa kiwiko, akavuta karibu kile kitabu cheusi.

"Saizi?"

"Hamsini na nane."

"Umekua. Wiki iliyopita ningekuandikia hamsini na sita," akasema Mama Stoo, akaanza kuulegeza mkanda wa ndani, tundu moja baada ya jingine.